Hewa nyevu kwenye joto na shinikizo kubwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu hesabu zake

Majibu haya ni ya wanaokokotoa kompresa, vikaushio, turbini za gesi, seli za mafuta na mitambo mingine ambamo hewa yenye mvuke wa maji hubanwa, huchemshwa, au hufanyiwa yote mawili. Nyuzi zote ni za Selsiasi isipokuwa palipotajwa kelvini, na shinikizo lote ni shinikizo kamili, yaani linaanza kuhesabiwa kwenye ombwe. Herufi W ni kilo za mvuke kwa kila kilo moja ya hewa kavu.

Kwa nini nisitumie tu fomula zilezile za hewa ya kawaida?

Kwa sababu zimebeba dhana ambazo hazionekani kwenye karatasi. Zinachukulia kwamba hewa na mvuke ni gesi kamilifu, yaani gesi ambazo molekuli zake hazivutani wala hazichukui nafasi. Kwamba maji hushibisha hewa kana kwamba hewa yenyewe haipo. Kwamba fomula ya shinikizo la kushiba, yaani shinikizo la mvuke pale usipoweza kuongezeka tena bila kugeuka maji, inafaa kwenye joto lolote. Na kwamba uwezo wa kubeba joto haubadiliki. Kwenye nyuzi 25 na shinikizo la angahewa dhana hizo zote hupita bila kelele.

Wengi hudhani inayovunjika kwanza ni ile ya ugesi kamilifu wa hewa kavu. Sivyo. Hewa kavu ni mtiifu sana: kwenye kelvini 300 na MPa 10, yaani karibu mara 100 ya shinikizo la angahewa, msongamano wake unatofautiana na wa gesi kamilifu kwa chini ya asilimia 1 hivi. Msumbufu ni maji. Mvuke ulioshiba kwenye nyuzi 100 una msongamano unaozidi wa gesi kamilifu kwa asilimia 1.6, kwenye nyuzi 200 tofauti hiyo inapita asilimia 10. Kwa hiyo kabla ya kuuliza shinikizo lako ni kubwa kiasi gani, uliza ni sehemu gani ya shinikizo hilo inayobebwa na mvuke.

Fomula ya msingi ni ipi?

W = 0.62194 × pw / (p − pw)

Hapa p ni shinikizo lote na pw ni sehemu ya mvuke. Namba 0.62194 ni uwiano wa uzito wa moli ya maji (gramu 18.015) na wa hewa kavu (gramu 28.966). Kama pw unaielewa kama sehemu ya moli za mvuke kuzidisha shinikizo lote, mlinganyo huu hauna makisio yoyote ndani yake. Ni kuhesabu moli tu. Makisio huingia pale unapotafuta pw ya hewa iliyoshiba, na hapo ndipo kazi yote ilipo.

Naomba mfano wa kompresa.

Hewa inaingia ikiwa na nyuzi 30, unyevu nisbi (pw kugawa kwa shinikizo la kushiba) asilimia 70, kPa 101.325. Shinikizo la kushiba kwenye nyuzi 30 ni kPa 4.246, kwa hiyo pw ni kPa 2.972 na W inatoka 0.0188: gramu 18.8 za mvuke kwa kila kilo ya hewa kavu.

Ibane mpaka kPa 1,000. Sehemu ya moli za mvuke haijabadilika, ni 0.0293, lakini sasa inazidishwa na kPa 1,000, hivyo pw imepanda mpaka kPa 29.3. Umande wa hewa hiyo, yaani halijoto ambayo mvuke wake huanza kugeuka maji, umeruka hadi kati ya nyuzi 68 na 69. Ikitoka kwenye kompresa ikiwa na joto la nyuzi mia na zaidi, maji hayaonekani. Ipitishe kwenye kipozeo hadi nyuzi 35, ambapo shinikizo la kushiba ni kPa 5.629, na W ya juu kabisa inayowezekana ni gramu 3.5 kwa hesabu ya kawaida, au gramu 3.6 ukiweka kizidishi f cha 1.03 kinachoelezwa hapa chini. Zilizobaki, kama gramu 15.2 kwa kila kilo ya hewa kavu, zimekuwa maji. Mtambo unaopitisha kilo 1,000 za hewa kavu kwa saa utamwaga kilo 15 za maji kila saa, na kama vali ya kutolea maji imeziba, maji hayo yanaendelea na safari kwenye mabomba.

Katika mfano huu kusahau f kumekosesha gramu 0.1 tu. Kwa kuchagua ukubwa wa mtego wa maji hakuna atakayejali. Kwa anayekausha hewa ya vifaa nyeti, hadithi ni nyingine.

Kizidishi f ni kitu gani hasa?

Ni namba unayozidisha nayo shinikizo la kushiba la maji matupu ili upate shinikizo la mvuke ndani ya hewa iliyoshiba: pw = f × ps. Kwenye shinikizo la angahewa na joto la chumba ni karibu 1.004, ndiyo maana vitabu vingi vinakipuuza bila kuaga.

Kinatokana na mambo matatu. La kwanza, hewa inayakandamiza maji yenyewe, na maji yaliyokandamizwa husukuma molekuli zake nje kwa nguvu zaidi. Hilo unaweza kulikokotoa kwa mkono: exp[v(p − ps)/(RT)], ambapo v ni ujazo wa moli moja ya maji, R ni namba thabiti ya gesi na T ni joto kwa kelvini. Kwenye nyuzi 20 na MPa 10 linatoa ongezeko la asilimia 7.7. La pili ndilo zito: molekuli za mvuke huvutwa na molekuli za hewa zilizosongamana, kwa hiyo gesi inakuwa makao mazuri zaidi kwa maji kuliko ombwe. La tatu ni hewa inayoyeyuka ndani ya maji, ambayo hupunguza f kidogo sana kwenye joto la kawaida. Ukijumlisha yote, kwenye nyuzi 20 na MPa 10 f inapita 1.3. Yaani hewa iliyobanwa hivyo inabeba karibu theluthi ya ziada juu ya kile fomula ya shule inachokuambia.

Kanuni ya mkono ninayoipendekeza: chini ya kPa 300 achana nacho, isipokuwa kama unasahihisha vipimo vya maabara. Kati ya kPa 300 na MPa 1 kiweke ukitaka usahihi wa asilimia moja. Juu ya hapo hakuna mjadala.

Joto likipanda, f inapungua. Kwa hiyo kwenye joto kubwa naweza kukisahau?

Hapana, na hapa ndipo watu makini wanapoteleza. Tazama hewa iliyoshiba kwenye nyuzi 200 na MPa 2. Shinikizo la kushiba ni kPa 1,554.9, hivyo bila f tunapata

W = 0.62194 × 1,554.9 / 445.1 = 2.17

Kilo mbili na zaidi za mvuke kwa kila kilo ya hewa. Hapo hewa ndiyo mgeni ndani ya mvuke. Sasa chukua f ya 1.02 tu. pw inakuwa kPa 1,586 na W inakuwa 2.38. Asilimia mbili kwenye f zimezaa karibu asilimia kumi kwenye W, kwa sababu (p − pw) ni tofauti ya namba mbili kubwa zinazokaribiana. Kadiri pw inavyoisogelea p, ndivyo kila kosa linavyokuzwa, liwe la f, la kipimajoto au la geji ya shinikizo. Kipimajoto kikikosea nyuzi moja kwenye hali hii, W inapotoka kwa kiasi kinachofanana na hicho.

Ushauri wa vitendo: W ikipita 0.5 hivi, acha kuitumia ndani ya hesabu. Fanya kazi kwa sehemu ya moli, ambayo haivuki 1 kamwe, kisha geuza kuwa W mwishoni kama mteja anaitaka. Programu zinazotafuta jibu kwa kurudiarudia hukwama mara nyingi kwa sababu W inakimbilia ukomo usio na mwisho.

Fomula ya Magnus ya shinikizo la kushiba inafika wapi?

Ile yenye sura ps = 0.61094 exp[17.625 t / (t + 243.04)], ikitoa kPa, iliundwa kwa ajili ya hali ya hewa. Kwenye nyuzi 60 bado iko ndani ya nusu asilimia. Kwenye nyuzi 100 inatoa kPa 104.1 badala ya 101.4. Kwenye nyuzi 200 inatoa kPa 1,743 badala ya 1,554.9, kosa la asilimia 12, na tumeona hapo juu kosa la asilimia mbili tu linafanya nini.

Tumia mlinganyo wa kushiba wa IAPWS-IF97, uliopitishwa mwaka 1997 na jumuiya ya kimataifa inayoshughulikia sifa za maji na mvuke. Unafanya kazi kuanzia kelvini 273.15 hadi 647.096, na uzuri wake ni kwamba unageuzika moja kwa moja: ukiwa na shinikizo unapata joto bila kurudiarudia hesabu. Chini ya nyuzi 0 unahitaji mlinganyo wa barafu, ambao ni mwingine.

Nina hewa ya nyuzi 150 kwenye shinikizo la angahewa. Unyevu nisbi wa asilimia 50 unawezekana?

Hauwezekani. Shinikizo la kushiba kwenye nyuzi 150 ni kPa 476.2. Hata ukiondoa hewa yote ukabakiza mvuke mtupu, pw haiwezi kuzidi kPa 101.3, kwa hiyo unyevu nisbi unakomea asilimia 21.3. Kwenye nyuzi 200 unakomea asilimia 6.5. Tanuri lililojaa mvuke mtupu linaweza kusomeka "asilimia 6" na msomaji akadhani ni kavu kama jangwa.

Ndiyo maana kwenye joto linalozidi kiwango cha kuchemka kwa shinikizo ulilonalo, unyevu nisbi ni kipimo cha kupotosha. Taja sehemu ya moli au halijoto ya umande. Zipo programu zinazobadilisha maana, zikigawa pw kwa shinikizo lote badala ya ps pindi joto linapovuka kiwango hicho, hivyo mvuke mtupu unasomeka asilimia 100. Soma maelezo ya programu kabla hujalinganisha matokeo na ya mwenzako. Na juu ya nyuzi 373.946, joto ambalo juu yake hakuna tena mpaka kati ya maji na mvuke, neno kushiba halina cha kushika.

Programu yangu inatoa msongamano wa mvuke wa 998 badala ya sehemu ndogo ya moja. Ni hitilafu?

Ni f tena, imeingia kwa mlango wa nyuma. Njia maarufu ni kuchukua hewa kavu kwenye shinikizo lake na mvuke kwenye shinikizo lake, kila mmoja kama gesi halisi, kisha kujumlisha. Hewa ikishiba kwenye nyuzi 20 na MPa 10, pw ni f mara kPa 2.339, tuseme kPa 3.04. Unapeleka nyuzi 20 na kPa 3.04 kwenye jedwali la maji, na jedwali linajibu kwa ukweli wake: maji matupu kwenye hali hiyo ni kimiminika, kilo 998 kwa mita ya ujazo, enthalpi (kiasi cha nishati ya joto inayobebwa) kama kJ 84 kwa kilo. Ulichotaka ni mvuke wa kilo 0.0225 kwa mita ya ujazo wenye enthalpi ya kJ 2,537 hivi.

Tiba ni kuilazimisha programu ibaki kwenye mlinganyo wa mvuke hata pale pw inapozidi ps kidogo, au kuchukua enthalpi ya mvuke ulioshiba kwenye joto hilohilo. Kwa kuwa tofauti ya enthalpi kwenye shinikizo dogo kama hilo haina uzito, njia ya pili inatosha mara nyingi.

Enthalpi naikokotoaje?

Mlinganyo uliozoeleka, h = 1.006 t + W(2501 + 1.86 t), ni mwaminifu karibu na joto la chumba. Upande wa hewa, 1.006 hiyo inakuwa 1.025 kwenye nyuzi 200 na 1.093 kwenye nyuzi 500. Hilo ni rahisi kurekebisha. Upande wa mvuke ni mbaya zaidi: kwa mvuke ulioshiba wa nyuzi 200 mabano yanatoa kJ 2,873 kwa kilo, ilhali thamani halisi ni kJ 2,792. Ukiwa na W ya 2.38 kama kwenye mfano wetu, umeongeza karibu kJ 190 za uongo kwa kila kilo ya hewa kavu.

Angalia pia sifuri yako iko wapi. Kwa hewa nyevu, desturi ni kuipa hewa kavu sifuri kwenye nyuzi 0 na kPa 101.325, na maji ya kimiminika sifuri kwenye nyuzi 0.01. Jedwali za hewa zilizotengenezwa kwa ajili ya turbini huanzia mara nyingi kelvini 0. Ukichanganya jedwali mbili zenye sifuri tofauti, jibu litaonekana la heshima kabisa na litakuwa upuuzi.

Msongamano nao?

Ujazo mahususi v hutolewa kwa kilo ya hewa kavu, si kwa kilo ya mchanganyiko. Msongamano ni (1 + W)/v. Kwenye hewa ya chumbani ukisahau hiyo 1 + W unakosea asilimia moja. Kwenye W ya 2.38 unakosea mara 3.38.

Viriali zinaingia wapi?

Mlinganyo wa viriali unaandika p·v/(RT) = 1 + B/v + C/v², ambapo v sasa ni ujazo wa moli moja. B inaeleza molekuli mbili zikikutana, C inaeleza tatu. Kwa mchanganyiko, xa na xw zikiwa sehemu za moli za hewa na za maji:

B = xa²·Baa + 2·xa·xw·Baw + xw²·Bww

Baa inajulikana vizuri kutokana na vipimo vya hewa kavu, Bww kutokana na vipimo vya mvuke. Baw, ya molekuli ya hewa ikikutana na ya maji, ndiyo ngumu kupima, na ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya f. Maendeleo ya taaluma hii yanaweza kusimuliwa kama juhudi za kuipata Baw sawasawa. Goff na Gratch walianza kwa njia hii miaka ya 1940. Hyland na Wexler mwaka 1983 walitoa milinganyo ya kuanzia kelvini 173.15 hadi 473.15 na shinikizo hadi MPa 5, ambayo bado imo kwenye programu nyingi. Mwaka 2009 Herrmann, Kretzschmar na Gatley waliipanua hadi kelvini 623.15 na MPa 10, wakitumia milinganyo mipya zaidi ya maji na ya hewa. CoolProp, programu ya bure, inatumia kazi hiyo ya 2009 kwenye sehemu yake ya hewa nyevu.

Basi nichague modeli ipi?

Chini ya kPa 300 na nyuzi 60, gesi kamilifu na uendelee na maisha. Ndani ya kelvini 623.15 na MPa 10, tumia modeli ya 2009 bila kusita. Ukivuka hapo, njia inayobaki ya busara ni ile ya kujumlisha gesi halisi mbili, hewa kavu kwa mlinganyo wa Lemmon na wenzake wa mwaka 2000 na maji kwa IAPWS-95 (mlinganyo mwingine wa jumuiya ileile) au IF97, ukijua kwamba mvutano kati ya hewa na maji umeachwa nje. Kwenye joto kubwa mvutano huo hupungua, kwa hiyo njia hii huwa bora kadiri unavyopanda joto na mbaya kadiri unavyopanda shinikizo peke yake. Hifadhi ya umeme kwa hewa iliyobanwa, kama mtambo wa Huntorf, Ujerumani, ulioanza 1978, ina hewa ya makumi ya baa ikiwa na joto dogo ndani ya mapango ya chumvi: hapo usijaribu bila f. Chumba cha kuchomea cha turbini ni kinyume chake.

Na joto likipita kelvini 1,500?

Molekuli za maji na oksijeni zinaanza kuvunjika, na muundo wa mchanganyiko wenyewe unabadilika. Shinikizo kubwa huzuia uvunjikaji huo kwa kiasi fulani. Hiyo ni hesabu ya msawazo wa kemia, haimo kwenye modeli yoyote iliyotajwa juu.

Umande wa nyuzi 3 ni mkavu kiasi gani?

Jibu linategemea shinikizo, na wauzaji wa vikaushio hawasemi daima. Kiwango cha ISO 8573-1 kinapanga ukavu wa hewa iliyobanwa kwa umande uliopimwa ikiwa bado imebanwa: daraja la 4 ni nyuzi 3 au chini, la 2 ni −40 au chini. Umande wa nyuzi 3 kwenye kPa 800 una pw ya kPa 0.758. Iachie hewa hiyo hadi shinikizo la angahewa na pw inashuka hadi kPa 0.096, ambayo ni jalidi la kati ya nyuzi −20 na −21. Hewa ileile, namba mbili.

Geji inasoma baa 7. Niweke 7?

Weka 8, au kwa usahihi baa 7 jumlisha shinikizo la angahewa la mahali ulipo. Kati ya makosa yote kwenye ukurasa huu, hili ndilo linalotokea mara nyingi zaidi.

Halijoto ya kipimajoto chenye utambi mbichi bado ina maana?

Ina maana, na haiwezi kupita kiwango cha kuchemka cha shinikizo ulilonalo hata hewa ikiwa na nyuzi 400. Lakini itafute kwa mizania ya enthalpi. Fomula fupi ya saikromita, kifaa chenye kipimajoto kikavu na chenye utambi mbichi, ni ya hewa ya nje tu.

Mnato?

Kwenye nyuzi 100 mnato wa hewa ni kama µPa·s 21.9 na wa mvuke 12.3. Mvuke mwingi hupunguza mnato wa mchanganyiko, ila si kwa mstari ulionyooka. Tumia kanuni ya Wilke ya kuchanganya.

Nitajuaje kwamba programu niliyoandika iko sawa?

Anza na mipaka. Weka W sifuri, upate hewa kavu. Weka unyevu nisbi asilimia 100, halijoto ya umande iwe sawa na halijoto ya hewa kwenye shinikizo lolote. Ikitofautiana kwenye MPa 5 lakini si kwenye kPa 100, umeweka f upande mmoja ukaisahau upande mwingine. Kisha pima mlinganyo wa kushiba wa IF97 kwa namba zake rasmi: kelvini 300 itoe MPa 0.00353658941, kelvini 500 itoe MPa 2.63889776, kelvini 600 itoe MPa 12.3443146. Tarakimu zote tisa lazima zifanane. Zikifanana nne tu, kuna kizigeu ulichonakili vibaya.